Mpima Macho na Jozi Mbili za Tairi

Helmeti ya Mama Mapacha ilikuwa imejaa vibanio vya nguo. Usicheke, ndivyo ilivyokuwa. Helmeti nzuri, nyekundu, yenye kioo cha kushusha mbele; siku aliyoinunua alijitazama nayo kwenye kioo cha kabati mpaka akachelewa kazini. Sasa ilikuwa inaning'inia kichwa chini kwenye msumari nyuma ya mlango wa jikoni, vibanio vya mbao na vya plastiki vimejazana palepale kilipokuwa kinakaa kichwa chake. Akienda kuanika nguo aliibeba kwa mkanda kama kikapu. Na kila alipoibeba, mumewe aligeuka akatazama pembeni.

Mumewe huyo alikuwa mpima macho. Mtaani walimwita Daktari, naye kila mara aliwasahihisha kwamba yeye si daktari, ni mpima macho, nao kila mara wakamjibu, "Haya, Daktari." Ofisi yake ilikuwa chumba kimoja juu ya duka la vitambaa: kiti cha kuzunguka, ubao wa herufi ukutani, feni inayolalamika, na sanduku la lenzi zilizopangwa kwa safu kuanzia nyembamba hadi nene. Kazi yake yote, ukiondoa maneno mengi, ilikuwa swali moja. Unakaa kitini, anakuvisha fremu nzito ya majaribio puani, anachomeka lenzi, anaigeuza, anauliza, "Ya kwanza... au ya pili?" Unajibu. Anachomeka nyingine. "Ya kwanza au ya pili?" Anakwenda hivyo mpaka mahali unaposema, "Sioni tofauti." Hapo watu wengi huona aibu, hudhani wamefeli mtihani. Kumbe ndipo alipokuwa anapatafuta. Ukishasema huoni tofauti, maana yake mmefika. Anachukua kalamu, anaandika miwani, kazi imekwisha. Kuendelea kugeuza lenzi baada ya hapo ni kumchosha mgonjwa bure.

Hilo likumbuke, kwa sababu yeye mwenyewe alilisahau.

Pikipiki yake ilikuwa kubwa, ya bluu, aliinunua kwa mtu wakati mapacha wao walipokuwa bado wanavaa sare za shule. Haikuwa ya kuzungukia mjini. Ilikuwa ya safari: kutoka asubuhi na mapema, mkewe nyuma, kupanda milima hadi kwa dada mkubwa wa mkewe. Na huko barabarani ndiko walikokuwa wanaongea. Nyumbani, hasa tangu mapacha waondoke kwenda kuanza maisha yao, maneno yalikuwa "Umekula?" "Nimekula." Basi. Lakini mpandishe Mama Mapacha kwenye ile siti ya nyuma, weee! Alimsemesha sikioni njia nzima. "Punguza mwendo." "Umemwona mbuzi yule?" "Hivi unajua mwalimu mkuu wetu amepaka nywele rangi?" Alikuwa mwalimu wa chekechea, na vituko vya watoto wa darasani kwake havikuwa na mwisho. Akichoka kuongea aliimba. Mpima macho hakuwa na redio yoyote duniani aliyoipenda kuliko hiyo.

Mwaka juzi wakaanguka. Mvua ilikuwa inanyunya, lori limemwaga mafuta kwenye mzunguko wa barabara karibu na soko, na tairi la nyuma likateleza. Walikuwa wanakwenda polepole kabisa, na hilo ndilo lililowauma zaidi. Yeye alichubuka kiwiko. Mkewe alivunjika mtulinga, akakaa na mkono shingoni mpaka shule ikafungwa na kufunguliwa. Mfupa ulipounga, hakusema kwamba hatapanda tena. Alihamishia tu vibanio ndani ya helmeti. Mumewe alielewa, na kila Jumapili akawa anaifuta vumbi siti ya nyuma ambayo haikaliwi na mtu.

Sasa sikia. Siku moja Mama Mapacha yuko uani anaanika shuka, vibanio viwili vimebanwa na midomo, akasema bila kumtazama, "Dada anahamia kwenye nyumba yake. Mwisho wa mwezi ujao, Jumamosi."

"Hongera zake," mpima macho akasema. "Amejenga mpaka amezeeka."

Mkewe akatoa vibanio mdomoni. "Badilisha hayo matairi yako, Baba Mapacha. Nitapanda."

Mpima macho alisimama pale kama mtu aliyeitwa jina lake kwenye bahati nasibu. Alitaka kumwuliza mara ya pili kama amesikia vizuri, akaogopa asije akageuza kauli. Akaingia ndani, akajifungia chooni, akacheka peke yake. Alikuwa na mwezi mzima na ushee. Kubadilisha matairi ni kazi ya asubuhi moja. Mtu mwingine yeyote angekwenda kesho yake, akabadilisha, akarudi, habari ingeishia hapo, nami nisingekuwa na cha kukusimulia.

Duka la matairi lilikuwa la mtu anayeitwa Pancha. Alianza zamani kwa kuziba pancha chini ya mwavuli, sasa ana duka lenye mlango wa chuma na mashine ya upepo inayonguruma kama ina deni na mtu, lakini jina lilimganda. Alikuwa mwenye mikono mikubwa na subira kubwa, na mpima macho aliimaliza subira hiyo yote. Siku ya kwanza alimweleza vizuri tu.

"Kwa safari zako, Daktari, na mke nyuma, chukua haya ya spoti turing. Lipo tairi la mashindano, linashika kona kama gundi, lakini ukienda nalo safari mbili limekwisha. Lipo la safari tupu, linadumu mpaka ulisahau, lakini kwenye kona yenye maji halina urafiki na mtu. Hili ni la katikati. Hapa katikati mpira mgumu, ukienda moja kwa moja haliliki upesi. Huku pembeni mpira laini, ukilaza linashika. Nimebaki na jozi mbili, kampuni mbili tofauti. Chagua."

"Ipi nzuri?"

"Zote nzuri."

"Hapana, ipi nzuri zaidi?"

Pancha akamtazama. "Zote nzuri, Daktari."

Basi mpima macho akachuchumaa, akatoa mfukoni lenzi yake ya kukuzia, akaanza kukagua mifereji ya tairi kama mtu anayetafuta mchanga ndani ya jicho. Jozi ya kwanza ilikuwa na mifereji mirefu iliyopinda. Hiyo ingetoa maji vizuri wakati wa mvua. Jozi ya pili mifereji yake ilikuwa mifupi, lakini mpira mwingi zaidi uligusa lami. Akaibonyeza ya kwanza kwa kucha. Akaibonyeza ya pili. Akanusa. Ndiyo, alinusa. Akaondoka akisema atarudi kesho.

Kesho yake hakurudi, alikwenda kwa Kona. Kona alikuwa mpeleka vifurushi, na jina hilo alilipata kwa tabia yake ya kulaza pikipiki mpaka goti linafuta lami. Kona akasema hizo zote takataka, achukue ya mashindano. "Mke wako akae kwenye tairi gumu, ateleze tena?" akamwambia. Neno hilo likamwingia mpima macho kama mwiba. Usiku hakupata usingizi mzuri, na asubuhi akafungua simu akaanza kusoma maoni ya watu wasiojulikana. Mmoja alisema jozi ya kwanza imemwokoa kwenye mvua ya mawe. Mwingine alisema jozi hiyohiyo ilimwangusha getini kwake, siku ya jua kali. Mwingine aliisifu ya pili kwa mistari mirefu halafu mwishoni akasema yeye ana baiskeli. Jamani! Mpima macho alirusha simu kitandani, akaiokota tena, akaendelea kusoma.

Akawa mtu wa kwenda kwa Pancha kila alipofunga ofisi. Anaingia, anachuchumaa, anapima kina cha mifereji kwa kijiti, anauliza swali jipya. Jozi hii inabeba uzito gani na mtu nyuma? Ikipata baridi milimani inachukua muda gani kupata joto? Imetengenezwa wiki gani ya mwaka? Pancha anajibu. Mpima macho anatikisa kichwa, anaishika ya kwanza, anaishika ya pili, anavuta pumzi.

"Daktari," Pancha alimwambia siku moja, "hili ni tairi. Humchumbii mtu hapa."

"Wewe hujui kilichopo."

"Kilichopo ni kwamba wewe ni mwoga, na umekuja kuogopea dukani kwangu."

Mpima macho alitoka akiwa amefura. Mwoga! Yeye ambaye angetoa hata jicho lake moja mkewe asianguke tena? Alitembea mpaka nyumbani akijibizana na Pancha kichwani, akimshinda kwa hoja kila kona, na alipofika, mkewe alikuwa jikoni.

"Umeshabadilisha?" akauliza.

"Bado. Nalinganisha."

"Haya."

Juma lililofuata: "Umeshabadilisha?" "Bado kidogo." "Haya." Lakini ukisikiliza vizuri, ile haya ya pili ilikuwa fupi kuliko ya kwanza. Mpima macho mwenye masikio mawili mazima hakusikia. Alikuwa ameona kwenye simu kwamba kuna aina ya tatu, itaingia mjini karibuni, na sasa alikuwa anajiuliza kama si bora aisubiri.

Siku hizohizo alikuja ofisini mama mmoja mtu mzima, mpole, mwenye mkoba mkubwa mapajani. Mpima macho akamvisha fremu. "Ya kwanza au ya pili?"

"Hebu rudisha ile ya kwanza, mwanangu."

Akarudisha.

"Sasa ile ya pili."

Akaweka.

"Hebu tena ile ya kwanza, samahani."

Watu walikuwa wamejaa kwenye benchi nje. Mpima macho akajikuta anapandisha sauti, jambo ambalo hakuwahi kulifanya. "Mama, kama huoni tofauti sema huoni tofauti! Ukishafika hapo tumemaliza, hakuna zawadi ya kuendelea kutafuta!"

"Sioni tofauti," mama akasema kwa unyonge.

"Basi, tumemaliza." Akaandika miwani. Mama wa watu akashuka ngazi taratibu, na mpima macho akajilaumu kwa ukali wake, lakini kuhusu alichosema hakufikiria hata mara moja. Jioni alikwenda kwa Pancha kuchuchumaa.

Siku zinakwenda, hazikungojei. Dada mkubwa akapiga simu kuuliza watakuja wangapi, atandike vitanda. Mama Mapacha akajibu watakuja wawili, kwa pikipiki, kama zamani, na dada akapiga kigelegele mle ndani ya simu mpaka ikabidi waiweke mbali na sikio. Mpima macho alisikia kigelegele hicho akiwa sebuleni, jasho jembamba likamtoka. Ilikuwa Alhamisi.

Ijumaa alifunga ofisi mapema, akapanda pikipiki mpaka kwa Pancha. Akaitazama jozi ya kwanza. Akaitazama ya pili. Aina ya tatu ilikuwa haijaingia. Akafumba macho, akanyoosha kidole.

"Hiyo."

"Una hakika?" Pancha akauliza, na bila kungoja jibu akaichukua jozi ya kwanza haraka kama mtu anayeokoa mtoto barabarani. Akang'oa magurudumu, akatoa matairi ya zamani, akapaka mapya maji ya sabuni, akajaza upepo mpaka yakalia paa! na kukaa kwenye rimu. Akayazungusha kuona kama yamenyooka. Mpima macho alisimama pembeni anatabasamu kama bwana harusi. Matairi yalikuwa yanang'aa, meusi ti, na vile vinyweleo vya mpira bado vimesimama.

"Sasa sikiliza," Pancha akasema, akijifuta mikono kwa tambara. "Tairi jipya linateleza. Linatoka kiwandani na utelezi wake juu, mpaka ulikwaruze na lami. Kama kilomita mia mbili hivi nenda taratibu, usilaze kwenye kona, usifunge breki kwa nguvu. Na usibebe mtu."

Mpima macho akaacha kutabasamu. "Usibebe mtu vipi?"

"Usibebe mtu. Nyuma pawe patupu."

"Kesho nasafiri na mke wangu!"

"Kesho?" Pancha akatupa tambara chini. "Ebo! Mwezi mzima unakuja kunusa matairi yangu, hukuniambia ni ya kesho! Ungenunua siku ile ya kwanza, sasa hivi yangekuwa yameshazoea barabara, unabeba hata ukoo mzima!"

"Kwa nini hukuniambia?"

"Hukuuliza! Umeuliza yote duniani, hilo hukuuliza!"

Wakafokeana pale mlangoni mpaka muuza mboga wa jirani akaja kuangalia kulikoni. Lakini hasira ya mpima macho haikuwa juu ya Pancha, naye alijua. Alirudi nyumbani mwendo wa kinyonga, na kila alipokata kona aliwaza jambo moja: asimwambie. Mkewe hajui habari za utelezi wa kiwandani. Atapanda, watakwenda polepole, na huenda wasianguke. Huenda.

Aliingia kwa mlango wa jikoni. Vibanio vyote vilikuwa kwenye sufuria, juu ya meza.

Helmeti ilikuwa kwenye kiti, imeoshwa, kioo kimesuguliwa mpaka taa inaonekana ndani yake. Mama Mapacha alikuwa ameng'oa kitambaa cha ndani kilichochakaa akashona kipya, cha maua madogo. Mwenyewe alikuwa amevaa suruali ya safari, anajaribu kama bado inafunga kiunoni. "Umechelewa," akasema, lakini alikuwa anacheka. "Yako wapi? Nataka kuyaona."

Mpima macho akavua helmeti yake. Hajawahi kutamani kusema uongo kama alivyotamani dakika ile.

"Mama Mapacha. Kesho huwezi kupanda."

Akamweleza yote, utelezi, kilomita mia mbili, nyuma patupu. Mkewe alimsikiliza amesimama, mkono mmoja bado umeshika kifungo cha suruali. Halafu akakaa.

"Hizo jozi mbili," akauliza kwa sauti ileile anayowaulizia watoto nani amemwaga rangi, "zilikuwa na tofauti gani?"

"Ya kwanza mifereji yake ni mirefu, inatoa maji. Ya pili inadumu zaidi kidogo, lakini..." Akaendelea, akafika kati, akapotea. Akaanza upya. Mwishowe akashusha mabega. "Hazina tofauti."

"Ulijua lini?"

Akageuka kutazama sufuria.

"Baba Mapacha, ulijua lini?"

"Juma la kwanza."

"Na mgonjwa akikuambia haoni tofauti, huwa unafanya nini?"

Alijua anachofanya, na mkewe alijua kwamba anajua, maana alikuwa amemsikia akijisifu kwa hilo tangu wakiwa wachumba.

"Mimi sikukuambia utafute tairi lisiloteleza," Mama Mapacha akasema, na sasa sauti ilikuwa inatetemeka. "Halipo. Nilikuambia ubadilishe. Tangu siku ile uani najikaza. Kila asubuhi naamka najiambia, leo akija nayo nitapanda hata mpaka dukani tu, nijaribu. Huji nayo. Kesho yake najikaza upya. Unadhani kujikaza ni maji ya bomba, nikifungua yanatoka tu? Leo ndiyo nilikuwa nimeziokota nguvu zote zilizobaki."

Akavuta sufuria. Akaanza kurudisha vibanio kwenye helmeti, kimoja kimoja, juu ya kile kitambaa kipya cha maua. Mpima macho angependelea amrushie usoni.

Asubuhi alimsindikiza mkewe stendi. Basi lilipoondoka, akapanda pikipiki akalifuata kwa nyuma, taratibu, huku magari yakimpigia honi na kumpita. Mvua ikaanza. Akasema moyoni, haya, nyesha tu, nilikuwa nakungoja. Njia ya milimani ilikuwa kona baada ya kona, na kwenye kila kona alipunguza, akailaza pikipiki kidogo tu, kona inayofuata kidogo zaidi, kama mtu anayemfundisha mtoto kutembea. Maji yalimwingia shingoni. Hakuna aliyemwambia apunguze mwendo. Hakuna aliyemwuliza kama amemwona mbuzi yule, na mbuzi alikuwepo, amesimama katikati ya lami anatafuna karatasi. Kwa hasira aliyokuwa nayo juu ya nafsi yake mwenyewe, alitaka kulia, na pengine alilia, helmeti haisemi.

Kwenye kioo cha nyuma cha basi palikuwa na uso wa mkewe. Alikuwa amekaa siti ya mwisho kabisa, amegeuka, amefuta ukungu kwa kiganja. Alimtazama njia nzima.

Basi liliposimama watu wanyooshe miguu, Mama Mapacha alishuka, akaja mpaka kwenye pikipiki, akaligusa tairi la nyuma kwa kidole. "Limekwaruzika?"

"Katikati ndiyo. Pembeni bado kidogo."

"Hebu endelea," akasema, akarudi kwenye basi.

Nyumba ya dada ilikuwa nzuri, yenye madirisha makubwa na harufu ya rangi mbichi. Dada alipoona wamekuja kila mtu kivyake alifungua mdomo aulize, mdogo wake akamwahi: "Shemeji yako alikuwa anachagua." Dada akaufunga. Siku ile walipanga makabati, wakabeba magodoro, na mpima macho alifanya kazi ya watu watatu bila kuulizwa.

Jumapili mchana walikuwa stendi ya huko milimani, kiwanja kidogo chenye matope. Basi linanguruma, kondakta anaita. Pikipiki ya bluu imeegeshwa karibu, matairi yamepata ule weusi wa kufifia, hayang'ai tena hata pembeni, na kilomita mia mbili zimeshapita. Mpima macho akampokea mkewe mkoba ampandishie kwenye basi. Hakuomba kitu. Alikuwa hana uso wa kuomba.

"Niulize," Mama Mapacha akasema.

"Nikuulize nini?"

"Unavyowauliza wagonjwa wako."

"Ya kwanza, basi. Ya pili, pikipiki."

Mama Mapacha akalitazama basi. Akaitazama pikipiki. "Hebu rudisha ile ya kwanza."

"Basi."

"Sasa ya pili."

"Pikipiki."

"Tena ya kwanza, samahani." Alikuwa amekunja uso, lakini pembe ya mdomo ilikuwa inacheza. Halafu akasema, "Sioni tofauti."

Mpima macho hakusubiri. Safari hii alijua amefika. Alitupa mkoba begani, akaruka dimbwi la matope, mkono ukaenda wenyewe nyuma ya siti, pale ilipokuwa inafungwa helmeti nyekundu siku zile, na vidole vikashika hewa.

Helmeti ilikuwa nyumbani. Kwenye msumari. Na vibanio vyake.

Loo! Akazunguka stendi nzima kama kuku aliyepotelewa na kifaranga. Akakimbilia madukani kutafuta nyingine, yamefungwa. Akamwuliza fundi baiskeli, akamwuliza muuza maji. Mwendesha pikipiki mmoja akampa yake, kuukuu, mkanda umekatika umefungwa kwa kamba. Mpima macho akaigeuza mara moja tu.

"Hapana," akasema, akairudisha, na hakuhitaji lenzi ya kukuzia.

Alirudi kwa mkewe amelowa jasho, mikono mitupu. Mwezi mzima ameyapima matairi mpaka kwa kunusa, na kichwa cha mtu atakayekaa juu yake hakukikumbuka. Akasimama tu na matope yake. Kondakta akapiga bodi ya basi kwa kiganja. Mama Mapacha akachukua mkoba wake, akapanda, na mpima macho akamsikia anapita katikati ya siti mpaka nyuma kabisa. Dirisha la mwisho likafunguka kwa shida.

"Baba Mapacha!"

"Naam."

"Kesho ununue kikapu cha vibanio."

Basi likaanza kuondoka. Mama Mapacha akatoa kichwa nje zaidi, asikike vizuri juu ya mngurumo.

"Na usilinganishe!"